Fundi wa Dishi Asiyepanda Paa

Kwa miaka mingi ndoa yetu iliendeshwa kwa makelele, tena makelele ya kazi. Mume wangu akiwa juu ya paa la mtu, mimi nilikuwa sebuleni mwa huyo mtu, macho kwenye televisheni na kichwa nusu nje ya dirisha. Yeye anasogeza dishi kidogo tu, mimi napaza sauti: "Imekuja! Imekuja! Aah, imepotea, rudi!" Naye anajibu kutoka kwenye mabati: "Nirudi wapi? Kushoto yako ama kushoto yangu?" Hapo wenye nyumba nao huingilia. Mama anasema ni kulia, watoto wanasema imekuja kabla haijaja, na jirani ng'ambo ya ua anauliza kama tunaweza kupitia kwake tukimaliza. Hapa Nakuru sijawahi kuona dishi likifungwa kimya kimya. Mtu akinunua dishi, mtaa mzima hujua kwa masikio.

Niliipenda kazi hiyo. Mume wangu alikuwa akiimba nyimbo za kwaya huko juu, tena besi peke yake, kana kwamba waimbaji wa sauti zile nyingine tatu wako kwenye mapaa ya majirani. Mimi nilisomea elektroniki chuoni, na nina kibanda cha kutengeneza redio na simu mjini, lakini siku za dishi nilikuwa nafunga kibanda mapema nimfuate. Yeye alikuwa mtu wa juu, mimi mtu wa chini, na mpangilio huo ulinifaa kwa sababu mbili. Kwanza naogopa: nikipanda kiti kubadilisha balbu, nashuka kabla sijaigusa. Pili, mama mkwe, ambaye watu wake walitoka magharibi kuja kufanya kazi ya reli, alinionya tangu mwaka wa harusi kwamba mke hapandi juu ya nyumba. Akipanda, anamwitia mumewe kifo. Sikubishana naye hata neno moja. Ni nadra mwiko wa wakwe kumfaa mtu hivyo.

Mambo yaliharibikia Salgaa, pale malori yanapolala. Mwenye loji moja alitaka kila dereva aone nyumbani kwao: wa Uganda aone habari za Uganda, wa Rwanda aone zake, wa Kongo apate muziki wake, na sisi wenye nchi tuone mpira. Setilaiti za chaneli hizo si moja, kwa hiyo dishi lilifungwa vichwa vinne vya kupokea mawimbi, kila kichwa kikitazama pembe yake ya mbingu. Lakini waya unaoshuka ndani ya nyumba ni mmoja tu. Kinachoamua kichwa gani kiongee ni swichi, kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni kinachofungwa huko huko juu, nyuma ya dishi. Ukibadilisha chaneli kwa rimoti, dekoda inatuma amri kupitia waya ule ule, na swichi inafungua mlango unaotakiwa. Ikikataa kufungua, ukiwa chini huwezi kujua kama kilichokufa ni swichi, ni kichwa ama ni waya. Unapanda. Unabadilisha kitu kimoja, unashuka, unaangalia, unapanda tena.

Siku hiyo alipanda na kushuka tangu asubuhi. Alitoa swichi iliyokuwepo akaweka mpya, ikakataa. Akaweka nyingine mpya, nayo ikakataa, akaanza kuvishuku vichwa ambavyo havikuwa na kosa lolote. Kulikuwa na manyunyu, na uani mle mlikuwa na mafuta ya malori. Ngazi ikateleza. Nilikuwa bado nasema "imekataa" nilipomsikia akianguka.

Daktari alisema mguu utapona, ila nyonga haitakuwa tena ile ya zamani, na ngazi aisahau. Akiangukia nyonga hiyo mara nyingine, hatatembea tena. Alilisema kwa Kiswahili, akalirudia kwa Kiingereza, ili tusije tukajidai hatukusikia. Basi nikabaki na jambo hilo moja moyoni: ama mume wangu awe fundi wa dishi bila kupanda, ama siku moja atapanda na sitamrudisha nyumbani kwa miguu yake. Kwamba angeacha ufundi kabisa, hilo halikunijia. Ningeishi vipi na mtu huyo ameketi tu nyumbani akiniimbia besi?

Watu wa kanisa walikuja kumwona akiwa na plasta kutoka nyonga hadi kifundo. Mzee mmoja akamfariji: "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi." Alipoondoka, mume wangu akaniuliza, "Sasa hapo koleo si ni mimi?" Nikacheka, lakini yeye hakucheka. Kwa wiki nyingi alikuwa akitazama paa la jirani kupitia dirishani, vile mtu anavyotazama chakula cha wengine.

Mimi nilikuwa na hasira. Sikuikasirikia ngazi wala mafuta ya malori. Niliikasirikia swichi, kidude kile kisicho na uso, kilichomfanya mtu mzima apande na kushuka kutwa nzima kama mjinga. Nilitaka kukiuliza maswali nikiwa nimesimama chini, nacho kinijibu. Kwenye droo ya kibanda nilikuwa na bodi ndogo ya mikrokontrola, iliyobaki nilipomtengenezea mteja mmoja kiangulio cha mayai. Ni kipande chembamba chenye chipu. Unakiandikia programu kwenye kompyuta, kisha kinafanya ulichokiamuru bila kuchoka wala kudai chai. Nikasema kama kiliweza kulea vifaranga, kitaweza kuhoji swichi.

Wazo lenyewe halikuwa gumu. Dekoda huongea na swichi kwa kuutetemesha umeme ulio kwenye waya, mara elfu ishirini na mbili kwa sekunde, kwa vipande virefu na vifupi. Kifaa changu kingetetemesha vile vile: fungua mlango wa kwanza, fungua wa pili, hadi wa nne. Kila mlango ukifunguka, kingepima umeme unaonywewa huko juu. Kichwa kizima hunywa kiasi chake. Kilichokufa hakinywi. Na palipo na shoti, yaani shaba ya ndani ya waya imegusana na wavu unaoizunguka, umeme unabugiwa wote. Taa ya kijani ingesema mzima, taa ikizima ingesema amekufa, na nyekundu ingesema shoti, kimbia. Kasha nililipata kwa binti yetu, lile la plastiki la bluu alilobebea mkate shuleni, na mpaka leo ananidai.

Wazo si kazi, lakini. Jaribio la kwanza lilitoa moshi. La pili halikutoa chochote, jambo ambalo ni baya zaidi, kwa sababu moshi angalau unakuonyesha pa kuangalia. Halafu kukaja siku kifaa kikafungua mlango wa pili mara moja, vizuri kabisa, nikamwita kila mtu aje aone, jirani pia. Mbele yao wote kikakataa. Mume wangu, kutoka kwenye kochi na plasta yake, akauliza, "Hiki kitu chako kimetoka kwa kina nani? Kwetu ama kwenu?" Nikamwambia ni cha kwetu, cha upande wangu. "Basi ni shemeji," akasema. "Shemeji hawezi kuamka kwa kuitwa mara moja, lazima abembelezwe."

Jina likashika pale pale. Lakini nikiwa bado nimemkasirikia akaongeza, safari hii bila utani: "Kwani dekoda ikiwashwa inafanyaje? Kuna kale kakimya. Nimekaa juu ya mabati miaka nikingoja hako kakimya kaishe. Wewe unaiwasha na kuiamrisha hapo hapo. Ngoja iamke." Nilikuwa nimekagua programu yangu hadi nikaijua kama Baba Yetu, na wala sikuwa nimefikiria hilo. Nikaweka subira fupi kati ya kuwasha na kuamuru. Taa zikawaka moja baada ya nyingine, kijani, kijani, kijani, kijani. Nilimbusu kipara, jirani akageukia ukutani.

Kuanzia hapo kifaa kikawa chetu sote. Alikuwa na gunia la swichi chakavu alizozishusha kwenye mapaa ya watu, akiziweka kwa sababu fundi hatupi kitu. Nikammwagia zote kwenye beseni karibu na kochi. Akawa anazichomeka moja moja na kutangaza majibu kama mtu wa matokeo ya mtihani. "Huyu anapumua! Huyu alizikwa hai! Huyu... pole kwa familia." Nyingi zilikuwa nzima, na alizishusha bure. Na zile alizonunua mpya kwa ajili ya Salgaa, zikiwa bado na lebo za dukani, shemeji aliziwekea taa zilizozima. Nilidhani atakasirika. Alicheka hadi plasta ikamwuma, na mimi nilikuwa sijasikia kicheko hicho tangu aanguke. Nilikaa sakafuni kando ya beseni nikamsikiliza tu.

Plasta ilipotolewa tulianza kazi upya, na hapo ndipo nilipojua kwamba kutengeneza shemeji kulikuwa sehemu rahisi. Mteja wetu wa kwanza alikuwa mzee mstaafu wa Milimani, nyumba yenye bustani na miti mikubwa. Mume wangu aliingia sebuleni kwa fimbo yake, akachomoa waya nyuma ya televisheni, akauchomeka kwa shemeji, na kabla maji ya chai hayajachemka akasema, "Mlango wa tatu haufunguki. Ni swichi." Mtunza bustani alikuwa na ngazi na hakuwa na woga. Akapanda na swichi tuliyokuwa tumeipima, mume wangu akamwelekeza kutoka chini, na picha ikaja safi.

Mwenye nyumba akafurahi sana. Akamshika mkono mtunza bustani, akamwambia, "Kumbe nimekaa na fundi hapa miaka yote hii na sijui!" Kisha akamgeukia mume wangu kwa heshima zote: "Na wewe, boss, ni kama supervisor ama?"

Mimi nilikuwa tayari kumjibu, maana ulimi wangu hauna breki, lakini mume wangu alinivuta mkono. Tulipoingia kwenye gari akaiweka fimbo katikati ya magoti. Kisha akasema fundi wa dishi ni yule anayeonekana juu, na yule mwingine ni mgeni aliyekuja kunywa chai. Nikamwambia huo ni upuzi.

Haukuwa upuzi, nilikuja kuona. Kwetu kazi lazima ionekane. Fundi wa gari asipolala chini ya gari, tunashuku. Daktari asipokudunga sindano, unasema hakukutibu. Na fundi wa dishi akikaa kitini na kasha la mkate mapajani, hata kama picha imerudi, mwenye nyumba anabaki na wasiwasi kwamba picha ilikuwa inarudi yenyewe. Walianza kutuuliza kwa simu: "Mnakuja kupanda ama mnakuja kukaa?" Mama mmoja alimtaka apande kidogo tu, hata kama hakuna haja, ili roho yake itulie. Nami nikaanza kumwona mume wangu akizipima ngazi za watu kwa jicho.

Halafu simu ikaja kutoka Keringet.

Alikuwa mama mjane, mkulima wa viazi na ng'ombe wa maziwa, ambaye mume wangu alimfungia dishi la vichwa vinne zamani. Mwaka ulikuwa unatimia tangu mumewe afariki, na watoto wote walikuwa wanakuja kwa ibada ya kumkumbuka. Televisheni ilikuwa imekufa kabisa. Alisema hataki fundi mwingine. "Ni wewe uliimba juu ya nyumba yangu," alimwambia. "Mzee wangu alikuwa anakaa hapo nje anakusikiliza. Kuja upande tena."

Asubuhi ile mume wangu alivaa viatu vya raba, vile vya kupandia. Tulipita Njoro, tukapita Molo, ukungu umekaa juu ya mashamba, na sikusema kitu. Waliokaa na mimi wanajua hiyo ni dalili mbaya kuliko kelele.

Tulikuta mvua imetoka kuacha. Nyumba ilikuwa ya mbao za mwerezi, mabati juu yanang'aa kwa maji, na ngazi ilikuwa imeshaegemezwa ukutani ikitungoja. Mama akatupokea kwa mursik, maziwa ya kibuyu yaliyotiwa majivu, na hatukuruhusiwa kugusa waya wowote kabla ya kumaliza vikombe. Kisha akamwangalia mume wangu, fimbo na yote.

"Uliumia?"

"Kidogo tu, mathe. Lakini leo nitapanda."

"Hapandi," nikasema.

"Nitapanda mara moja, niangalie, nishuke."

"Ukipanda, na mimi napanda," nikamwambia. "Halafu utaenda wewe mwenyewe kumwambia mama yako nani alikuwa juu ya paa."

"Wewe? Wewe hata stuli inakushinda!"

"Leo haitanishinda."

Mama akaweka kibuyu chini. "Kwa hii nyumba yangu hakuna mwanamke atapanda juu," akasema. "Hata sisi tuko na hiyo mwiko. Mwanaume ndio apande, ama akae." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anaeleza tu mambo yalivyo.

Mume wangu akatoka nje. Niliona kupitia mlangoni akiiegemeza fimbo ukutani, akaishika ngazi kwa mikono miwili, akaweka mguu mzima kwenye kidato cha kwanza. Ningeweza kumfuata nimvute shati. Nilijua pia kwamba nikimvuta shati mbele ya mama huyo, atapanda hata kama ana mguu mmoja. Niliogopa sana, na ninapoogopa mikono yangu hutafuta kazi. Nikaenda nyuma ya televisheni, nikachomoa waya, nikauchomeka kwa shemeji. Nyekundu ikawaka.

Nikafungua dirisha nikapaza sauti kama siku zote. "Shoti!"

Ngazi ikaacha kulia. Kisha: "Umesema?"

"Shoti! Nyekundu! Inabugia!"

"Kichwa gani?"

"Vyote!"

"Haiwezi kuwa vyote. Vichwa vinne vikufe siku moja, vimekula sumu?" Sauti ilikuwa imebadilika. Haikuwa tena sauti ya mtu anayeuonyesha ulimwengu kwamba yu mzima. Ilikuwa ya fundi aliyeudhiwa na jibu. "Jaribu tena. Ipatie nafasi iamke."

Nikajaribu tena. "Nyekundu bado!"

Nikasikia raba ikigusa ardhi. Kichwa chake kikatokea dirishani, uso umekunjamana, na ngazi amekwisha kuisahau. "Leta shemeji hapa," akasema. "Kuna kiungo hapa waya inapotokea nje. Tuachanishe hapo, tuulize ya juu peke yake."

Alikifungua kiungo kwa vidole vyake, akauchomeka kwa shemeji waya ule unaokwenda juu. Tukangoja, yeye nje na mimi ndani, mapaji yetu karibu yagusane juu ya kasha la bluu. Kijani. Kijani. Kijani. Kijani.

"Huko juu wote wazima," akasema polepole. "Hakuna shida juu. Shida iko ndani ya nyumba."

Akaingia kwa fimbo. Waya ulitoka dirishani ukapita ukutani hadi kwenye televisheni, lakini hukuweza kuuona, kwa sababu mbao zote zilikuwa zimebandikwa karatasi za maboksi kuzuia baridi, na juu ya karatasi kulikuwa na vitambaa vya kufuma. Akauandama kwa kidole, polepole, kama mtu anayetafuta mshipa wa damu. Akapita saa ya ukutani. Akapita kabati la vyombo. Akasimama mbele ya picha kubwa ya mzee aliyevaa koti na kofia, iliyowekwa fremu mpya. Kidole kikaingia nyuma yake.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "hii picha iliwekwa lini?"

Alikuwa ameiweka mwenyewe siku chache kabla, akijitayarisha kwa ibada. Aliitoa chumbani ili watoto wakiingia wamwone baba yao, na alichagua mahali hapo kwa sababu hapo mzee angetazamana na televisheni aliyoipenda. Aliutafuta msumari wa inchi nne, ule unaoshika vizuri kwenye mwerezi, akaupiga mwenyewe kwa nyundo ya kuzibia boma. Televisheni ilipokufa hakufikiria msumari. Dishi liko juu, kwa hiyo ugonjwa uko juu. Msumari ulikuwa umepita katikati kabisa ya waya, na nakuhakikishia hata ungenipa wiki nzima nilenge, nisingeweza kuupiga hapo.

Mama alikaa kwenye kiti. Aliutazama msumari, akaitazama picha, kisha akanitazama mimi, si mume wangu.

"Mimi nilikuwa nataka kupandisha wako kwa mabati ya maji," akasema, "na shida ni msumari yangu."

Nilimshika bega, na tukakaa hivyo kidogo, wanawake wawili, mmoja wa kwake yumo kwenye fremu na mmoja wa kwake yuko ukutani akikata waya. Nilishukuru Mungu waziwazi, kwa sauti, na mama akaitikia amina.

Mume wangu hakuitoa picha. Mama alijitolea kuihamisha, yeye akakataa, akasema mzee ameshachagua kiti chake. Alikata kipande kilichotobolewa, akaupitisha waya mpya chini yake, mbali na msumari, akaunganisha kila kitu, akamwuliza shemeji kwa mara ya mwisho. Kijani zote nne. Akawasha televisheni na kwaya ikajaa chumbani, kubwa kuliko tulivyotarajia, maana sauti ilikuwa imeachwa juu tangu ilipokufa. Ng'ombe mmoja nje akaitikia.

Mama akachukua simu. Alimpigia rafiki yake wa Molo, wa kabila lingine, kwa hiyo waliongea Kiswahili, na kama watu wengi wa milimani aliongea kana kwamba simu ni ya kusaidia tu sauti yake ifike.

"Eeh, imerudi! Yote iko... Fundi wa Nakuru, yule wa kuimba. Hapana, hajapanda... Nakuambia hajapanda! Amekaa hapa na mimi, amekunywa maziwa, ameuliza waya na waya ikamwambia... Fundi wako bado anapanda? Woi, pole. Huyo anabahatisha. Anapanda kwa sababu hajui shida iko wapi. Wangu anajua."

Mume wangu alikuwa anakunja kipande cha waya kilichokuwa kimeshakunjwa. Alikikunjua akakikunja upya, taratibu, mgongo umeelekea simu, masikio yamesimama. Nilitoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe, nikalia kidogo. Yalikuwa machozi ya furaha, na sitamwomba mtu msamaha kwa hayo.

Niliporudi, alikuwa amevuta kiti hadi katikati ya sebule. Alikuwa amekaa hapo mbele ya mama na picha ya mzee, mguu mbaya ameunyoosha mbele bila kuuficha, akiuliza kama bado kuna maziwa.